Foleni za Dar: Usijinyime maji kwa kuogopa haja

Kama unaishi Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara au Tegeta na riziki yako ipo Kariakoo au Posta, huna haja ya kuelezwa foleni ni nini. Unaamka alfajiri, unaswali, unakimbilia kituoni, na bado unafika kazini umechelewa na umechoka kama mtu aliyekwisha kumaliza kazi. Jioni ni hivyo hivyo.

Tumezoea kuihesabu foleni kwa saa inazotupotezea na mafuta yanayoungua bure. Wiki hii tuitazame kwa upande mwingine, yaani yale tunayoyafanyia miili yetu wenyewe kwa ajili ya foleni. Kubwa kuliko yote, ambalo watu hawalisemi kwa sababu ya haya, ni kujinyima maji na kubana mkojo.

Mama mmoja jirani yetu anauza vitambaa Kariakoo na anakaa Mbagala Rangi Tatu. Katika mwaka mmoja alikwenda hospitali mara tatu kwa tatizo lile lile: maumivu chini ya kitovu, mkojo unaochoma na homa za jioni. Kila mara alipewa dawa akapata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi. Akayashuku maji ya bomba, akakishuku choo cha sokoni, mwisho akaanza kushuku na watu. Mara ya tatu alikutana na daktari aliyemuuliza swali ambalo hakulitarajia: “Mama, toka asubuhi mpaka sasa umekunywa maji kiasi gani?” Ilikuwa saa nane mchana. Jibu lilikuwa kikombe kimoja cha chai. “Sasa daktari, nikinywa maji nitajisaidia wapi?”

Swali la mama huyu ni la watu wengi sana katika jiji hili.

Foleni haitaisha kesho

Sensa ya mwaka 2002 ilikuta Dar es Salaam ina watu wapatao milioni 2.5. Mwaka 2012 walikuwa zaidi ya milioni 4.3, na mwaka 2022 wakafika zaidi ya milioni 5.3. Watu hao, kila asubuhi, wanaingia katikati ya jiji kwa barabara kuu zile zile tunazozijua: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa.

Si kwamba hakuna lililofanyika. Mwaka 2016 lilifunguliwa daraja la Kigamboni, na mwaka huo huo mabasi ya mwendokasi yakaanza kubeba abiria kati ya Kimara na Kivukoni. Barabara ya juu ya Tazara ilifunguliwa mwaka 2018 na ile ya Ubungo mwaka 2021. Yote hayo yamesaidia. Lakini kila makutano yanapofunguka, magari hukimbilia kwenda kukwama makutano yanayofuata. Kwa hiyo anayesubiri foleni iishe ndipo autunze mwili wake, atasubiri sana.

Kinachotokea ndani ya mwili

Figo huchuja damu mchana na usiku, na taka zinazochujwa hutoka pamoja na maji kama mkojo. Kibofu cha mtu mzima hubeba kwa kawaida kati ya mililita 300 na 500, yaani kama ujazo wa chupa ndogo ya maji ya dukani. Mtu huanza kuhisi haja kabla kibofu hakijajaa.

Kubana mkojo mara moja moja hakumdhuru mtu mwenye afya. Madhara yanakuja pale inapokuwa ndiyo desturi, saa mbili asubuhi na saa tatu jioni, siku sita za wiki. Mkojo unapokaa muda mrefu kibofuni, bakteria walioingia wanapata nafasi ya kuzaliana. Na mtu asipokunywa maji, mkojo unakuwa mchache, kwa hiyo hakuna cha kuwasafisha bakteria hao watoke. Huo ndio mwanzo wa maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo wengi wetu tunayaita U.T.I.

Wanawake wanaathirika zaidi kwa sababu ya maumbile. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa kama sentimita 4 tu, wakati wa mwanamume hukaribia sentimita 20. Bakteria hawana safari ndefu. Aidha, tofauti na wengi wanavyodhani, bakteria hawa mara nyingi hawatoki kwenye choo cha sokoni, bali ni wale wale wanaoishi katika utumbo wa mtu mwenyewe. Ndiyo maana wanawake na watoto wa kike wanasisitiziwa kujisafisha kutoka mbele kwenda nyuma, siyo kinyume chake.

Mjamzito ndiye anayepaswa kuchunga zaidi. Maambukizi yakimpata ni rahisi kupanda mpaka kwenye figo, na yanaweza kusababisha uchungu kabla ya wakati. Mwenye kisukari naye hupata haja mara kwa mara, na wazee wa kiume wenye tezi dume iliyovimba hawawezi kubana hata wakitaka. Konda au abiria anayewacheka watu hawa wanapoomba kushuka hajui anachokicheka.

Kujinyima maji kuna madhara yake hata pasipo bakteria. Chumvi zilizomo kwenye mkojo mzito huweza kugandamana zikawa mawe ya figo. Mtu anapata kichwa kuuma, choo kigumu, uchovu na hasira za haraka. Katika joto la Dar es Salaam la kati ya Desemba na Machi, ukiwa umesimama ndani ya daladala iliyojaa, mwili unapoteza maji mengi kwa jasho na wewe huyarudishi.

Panga maji yako kama unavyopanga nauli

Dawa yake si kuacha kunywa maji. Ni kuyapangia wakati.

Ukiamka, kunywa glasi ya maji mapema, ili mwili upate muda wa kuyafanyia kazi kabla hujatoka. Kabla ya kufunga mlango, ingia chooni hata kama huhisi haja. Njiani beba chupa ya maji na unywe funda moja moja, usiyabugie yote kwa mkupuo. Ukifika kazini, hapo ndipo pa kunywa maji ya kutosha, na uendelee hivyo mchana kutwa. Ikibaki kama saa moja kabla ya kuondoka, punguza, na uende chooni kabla ya kuelekea kituoni. Ukifika nyumbani, fidia.

Chai nyeusi, kahawa na soda za kola zina kafeini, na kafeini huchangamsha kibofu na kuleta haja haraka. Ni vizuri ukavinywa baada ya kufika uendako na siyo dakika kumi kabla ya kupanda gari.

Kipimo rahisi cha kujua kama unakunywa maji ya kutosha ni rangi ya mkojo. Ukiwa wa njano hafifu, uko salama. Ukiwa mzito kama chai ya rangi, mwili unadai maji. Hata hivyo, mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyewekewa kiwango cha maji na daktari wake afuate kiwango hicho.

Vijue vyoo vya njiani

Abiria wengi tunaijua kila sheli na kila kituo cha njia yetu, lakini hatujui wapi pana choo. Tenga siku moja uvijue kabla hujavihitaji: stendi, sheli, masoko na misikiti iliyo karibu na barabara. Kushuka njiani na kulipa nauli ya pili kunauma, lakini dawa za figo zina bei kubwa zaidi.

Wapo wafanyakazi wanaosubiri Magharibi katika msikiti ulio karibu na kazini. Wanajisaidia, wanatawadha, wanaswali kwa utulivu, kisha wanapanda gari foleni ikiwa imepungua. Wanafika nyumbani karibu sawa na waliotoka saa kumi na moja na kukaa barabarani muda wote huo. Hapa tuziombe kamati za misikiti ya kando ya barabara kuu: vyoo visifungwe mara tu baada ya swala, na upande wa akina mama uwe na maji, taa, komeo na ndoo ya taka yenye mfuniko. Waajiri na wenye maduka nao wawape wafanyakazi wao ruhusa na sehemu ya kujisaidia. Msichana anayeuza duka kuanzia asubuhi mpaka jioni bila choo hana namna ila kuacha kunywa maji.

Jambo jingine ni la aibu lakini lazima lisemwe. Baadhi ya madereva na makonda hujisaidia haja ndogo kwenye chupa na kuzitupa kando ya barabara. Chupa hizo huokotwa na watu wanaotafuta riziki kwa kuuza plastiki, wakiwemo watoto. Aliyelazimika kufanya hivyo aimwage chooni, aitupe chupa kwenye pipa la taka na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika nauli za watu.

Moshi, vumbi na kikohozi

Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wanaouvuta zaidi ni abiria wa bodaboda na bajaji, askari wa barabarani na wachuuzi wanaotembea katikati ya magari. Ukiwa na bodaboda, mwombe dereva asisimame nyuma ya bomba la moshi la lori. Ukiwa kwenye gari dogo nyuma ya gari linalotoa moshi mweusi, funga vioo kwa muda, kisha vifungue ukishalipita.

Katika daladala iliyojaa hali ni tofauti. Humo ni bora madirisha yawe wazi, kwa sababu kifua kikuu huenea kwa hewa pale watu wengi wanapokaa muda mrefu mahali pasipopita upepo. Anayekohoa azibe mdomo kwa kiwiko au leso. Mwenye pumu asiiache nyumbani dawa yake ya kuvuta, hata kama hajaugua kwa miezi.

Njaa na futari barabarani

Foleni ina soko lake: karanga, korosho, ndizi, matango na matunda yaliyokatwa. Chagua tunda lenye ganda, umenye mwenyewe, maana lililokatwa limeshikwa na mikono usiyoijua na limepata vumbi. Mikono yako nayo imeshika bomba la daladala na noti, hivyo beba kitambaa na maji kidogo ya kuinawisha. Mwenye kisukari anayetumia dawa awe na kitu kitamu mfukoni, kwani foleni inaweza kumpitisha saa yake ya kula na sukari ikashuka ghafla.

Katika mwezi wa Ramadhani, wengi wetu Magharibi hutukuta barabarani. Weka tende na maji kwenye mkoba tangu asubuhi. Dereva anayejua kuwa futari anayo hana sababu ya kupita pembeni ya barabara kuwahi nyumbani na kugonga watu.

Wakati wa kwenda hospitali

Mkojo ukichoma, ukitoka kidogo kidogo mara nyingi, ukiwa na damu au ukiandamana na maumivu chini ya kitovu, nenda ukapime mkojo. Ikiwa kuna homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya kiunoni upande mmoja, usingoje kesho, kwani huenda maambukizi yamefika kwenye figo. Usinunue vidonge vitatu vinne dukani ukaviacha ukipata nafuu. Hivyo ndivyo bakteria wanavyozoea dawa, na ugonjwa unaporudi dawa ile ile haifanyi kazi.

Yule mama wa Mbagala hakuhama nyumba wala hakubadili kazi. Alimaliza dozi yake, akaanza kubeba chupa ya maji, na kila jioni kabla ya kupanda gari hulipia choo cha sokoni ambacho zamani alikuwa akikiogopa. Siku moja aliniambia kuwa fedha anayotoa pale kwa mwezi mzima haifiki nusu ya aliyoitoa kwa dawa mara moja. Maradhi yale hayajamrudia.

Kesho asubuhi, kabla ya kufunga mlango, kumbuka mambo mawili: umekwenda chooni, na chupa ya maji ipo mkobani.