Wembe Ukizidi Kukata

Mwanamume wa Chokocho anayenyoa ndevu Alhamisi jioni ili Ijumaa aingie msikitini uso ukiwa laini, huenda siku mbili tatu baadaye shingo ikaanza kumuwasha na kutoka vipele. Lawama zote humwendea kinyozi: wembe wake mchafu, au spiriti ameibania.

Wembe mchafu una hatari yake, tena kubwa, maana homa ya ini ya B na VVU hupitia kwenye damu. Lakini chanzo cha vipele hivi si uchafu. Huwatoka hata wanaojinyoa nyumbani kwa wembe mpya. Kinyozi akiwa na kosa, basi ni kunyoa safi mno.

Nywele za kipilipili hazisubiri kutoka nje ndipo zijikunje. Tundu zinamoota limepinda tangu ndani ya ngozi. Wembe huukata unywele mshazari na kuuachia ncha kali. Ukiota tena, hujipinda kama ndoana na kuichoma ngozi milimita 1 au 2 tu kutoka ulipochomoza. Njia ya pili haionekani: ngozi ikivutwa wakati wa kunyoa, unywele hukatwa ukiwa umevutika, kisha hurudi chini na kutoboa ukuta wa tundu lake kabla haujaliona jua. Kwa vyovyote, mwili huuona unywele wake kama kitu kigeni, ngozi ikavimba, pengine ikatunga usaha. Makwapani na kinenani ni yale yale, ila huko watu hujikuna kimyakimya.

Urithi nao umo. Mwaka 2004 watafiti walieleza badiliko dogo katika jeni moja ya keratini ya nywele. Aliye nalo, hatari yake ya kutokwa na vipele hivi huongezeka takriban mara 6.

Shabu inayopakwa baada ya kunyoa hukausha damu ya mkwaruzo, haiunyooshi unywele. Dawa ya uhakika, na isiyo na gharama, ni kufuga: ndevu zikifika kama sentimita 1, unywele hujifyatua wenyewe kutoka ngozini. Asiyetaka kufuga atumie mashine inayobakisha milimita 1 hivi, afuate ulalo wa nywele, asiivute ngozi wala kuchokonoa kwa sindano.

Vinundu vigumu vya kisogoni, vinavyoshamiri kwa wanaonyoa mpaka ngozini, ni ugonjwa mwingine. Vikiachwa huweza kuwa makovu manene yasiyoota nywele tena. Hivyo vionwe mapema Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, vikiwa bado vidogo.