Fahamu: Kwa nini mkimbiaji asiyeona hufunikwa macho?

Kijana mwenye ualbino wa Makoko, Musoma, anaweza kuwa na mbio kali lakini asiuone vizuri mstari wa kumalizia. Ashindane na nani?

Paralimpiki, michezo ya watu wenye ulemavu, ina madaraja 3 ya wakimbiaji wenye ulemavu wa kuona. Katika T11, la wasioona kabisa au karibu kabisa, wote hufunikwa macho ili anayeona mwanga kidogo asiwazidi wenzake. Hukimbia na mwongozaji, mikono imeunganishwa kwa kamba fupi. Wa T12 huchagua kukimbia na mwongozaji au bila yeye. Wa T13 hukimbia peke yao.

Ni katika T11 ambapo Mkenya Henry Wanyoike alitwaa dhahabu ya mita 5,000, Sydney 2000, mwongozaji wake akiwa ameishiwa nguvu.

Walimu wa Musoma, wapimisheni watoto macho mapema: bila vipimo, hakuna daraja.