Maji ikikata barabara: gari ya esansi, ya mazutu na ya umeme, ipi inapita?



Mpunga unaweza kuiva vizuri Luberizi ao Sange, ukavunwa na kukaushwa vizuri, kisha ukaharibikia njiani. Kati ya Kamanyola na Uvira, barabara ya taifa namba 5 inakata mito mingi inayoshuka kutoka milimani kuelekea Ruzizi na ziwa. Mito ile inajaa kwa saa chache tu. Kwa usiku mmoja wa Aprili 2020, Mulongwe ulitoka kwenye njia yake ndani ya muji wa Uvira, ukaua watu wengi na kubomoa manyumba. Tarehe 4 Mei 2023, kule Kalehe, maji na mawe vilifunika Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakakufa.

Ndiyo maana tunaandika juu ya magari katika gazeti la walimaji. Koperative nyingi zinakodi Fuso ao pikapu, zingine ziko zinafikiri kununua moto ya magurudumu matatu, na sasa watu wanauliza juu ya moto za umeme, kwani wanaona zile zinazotembea Kigali tangu 2019. Ulizo ni moja: mvua ikinyesha, ipi itafikisha magunia, na ipi itatuachia hasara?

Kwanza maji, kisha gari

Maji yanayotembea hayaulize gari inatumia nini. Mita kyubu moja ya maji ina uzito wa kilo 1000. Tuchukue gari ndogo yenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.7, tuihesabu kama sanduku. Kila sentimita 10 za maji zinazopanda juu ya sakafu yake zinaisukuma juu kwa nguvu ya kilo 680. Gari ile ina uzito wa karibu kilo 1200. Maji yakipita sakafu kwa sentimita 20, magurudumu hayakamate tena chini, na mukondo unaanza kuibeba.

Kwa hiyo shikeni vipimo hivi mwilini mwenu. Maji yanayotembea ya sentimita 30, ni kusema katikati ya muundi, yanaweza kubeba gari ndogo. Sentimita 60, juu ya goti, yanaweza kubeba karibu magari yote ya kawaida, hata jeep na pikapu. Fuso yenye kujaa magunia ni nzito zaidi, lakini iko na adui mwingine: barabara yenyewe. Maji ya matope yanaficha shimo, na pembeni ya daraja udongo unaweza kuwa umekwisha kuliwa chini. Wazee walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Moteri ya esansi na ya mazutu: zinapumua

Moteri hizi mbili zinavuta hewa kama sisi. Hewa inaingia kwa mupira wa filtri, inafika ndani ya silindre, pistoni inaikandamiza. Hewa inakubali kukandamizwa, maji hayakubali hata kidogo. Maji yakiingia, pistoni inapanda, inakuta ukuta, na biyeli inapinda ao inavunjika.

Ni maji kiasi gani yanatosha? Katika moteri ya esansi ya silindre nne na sentimita kyubu 1600, nafasi inayobaki juu ya pistoni ni karibu sentimita kyubu 44: vijiko vitatu vya supu. Moteri ya mazutu inakandamiza zaidi, basi kwa moteri ya ukubwa ule ule nafasi ni ndogo zaidi. Hata ikiwa moteri yenyewe ni kubwa, vijiko vichache tu vinatosha. Mazutu haina buji, kwa hiyo haizimike haraka kwa sababu ya unyevu. Shofere anaona moteri inavuta vizuri, anaendelea kusonga, na siku maji yanapofika kwenye mupira wa hewa, moteri inavunjika kwa nguvu kubwa. Ya esansi mara nyingi inazimika mapema, sababu buji na nyuzi zake zimelowa. Kuzimika kule kunaudhi, lakini mara zingine ndiko kunaokoa moteri.

Kwa hiyo kipimo cha gari hizi ni pale mudomo wa kuvuta hewa uliko. Mufungue kofia ya moteri, mutafute mupira ule, mupime urefu wake toka chini. Kwenye moto, muangalie filtri: mara nyingi iko chini ya kiti. Muache nafasi kubwa chini ya kipimo kile, juu gari ikitembea inasukuma wimbi mbele yake.

Kuna pia ponti na sanduku la vitesi. Zikiwa na moto kisha zikaingia katika maji baridi, hewa ndani inanywea, inavuta maji kupitia tundu la kupumulia na mipira ya kuziba. Mafuta yanageuka kama kahawa ya maziwa. Gari inafika, lakini baada ya wiki chache meno yanakwisha.

Gari ya umeme: haipumue, lakini haipendi kulowa ndani

Moteri ya umeme haivute hewa ya kuchoma. Haiwezi kupatwa na hasara ile ya biyeli. Batri na moteri vinafungwa ndani ya sanduku la kuziba. Ndiyo sababu, katika maji yaliyotulia na yasiyo marefu, gari ya umeme iliyotengenezwa vizuri inapita bila kukohoa.

Lakini mipaka iko. Kwenye kibao cha batri ao cha moteri mutaona herufi IP na tarakimu mbili. Ya pili inahusu maji. 4 ni kusema inavumilia maji ya kurukia tu. 5 na 6, maji ya kupulizwa kwa nguvu. 7, inaweza kuzamishwa mpaka mita 1 kwa dakika 30. Kipimo kile kinafanywa kwa kifaa kipya, katika maji safi yaliyotulia. Moto iliyokwisha kugonga mawe kwa miaka miwili haiko tena mupya. Mukitaka kununua, muulize muuzaji namba ile, kwa batri, kwa moteri, na kwa kisanduku kinachoongoza umeme, kila kimoja peke yake. Akishindwa kujibu, musitoe makuta.

Hatari ingine inakuja nyuma. Batri ya litiyumu iliyoingia maji inaweza kuwaka moto siku ao wiki baadaye. Huko Florida, Marekani, baada ya kimbunga Ian mwaka 2022, magari ya umeme yaliyolala ndani ya maji ya bahari yalishika moto. Maji ya chumvi ndiyo mabaya zaidi. Yetu ya Ruzizi na Tanganyika si ya bahari, hatari ni ndogo zaidi, lakini haiko sifuri.

Na mukondo? Gari ya umeme ni nzito juu ya batri, lakini imezibwa vizuri chini, basi nayo inaelea. Hapo zote ni sawa.

Ikiwa gari imekwisha kuzama

Kwa esansi na mazutu: musijaribu kuwasha hata mara moja. Mutoe batri waya. Fundi atoe buji, ao injekta kwa mazutu, azungushe moteri polepole maji yatoke. Aangalie filtri ya hewa, mafuta ya moteri, ya vitesi na ya ponti. Mafuta meupe yabadilishwe yote. Amwage maji kwenye filtri ya mazutu. Freni zikaushwe na kujaribiwa kabla ya mulima.

Kwa umeme: musiichaji. Musiguse nyuzi za rangi ya machungwa, ndimo umeme mukali unapita. Muiweke inje, mita 15 mbali na nyumba na depo, mpaka fundi anayejua batri aipime. Musiiweke hata usiku mmoja karibu na mahindi.

Na muzigo: gunia la mahindi lililoguswa na maji ya mto lisichanganywe na mengine. Tunaweka mahindi kwenye depo yakiwa na unyevu wa 13% ao chini. Yakipita pale, kuvu inaingia, na sumu yake haitoki kwa kupika. Urea inayeyuka. Mbegu zilizopakwa dawa hazilike, hata zikiwa zimelowa na njaa iko. Mupange mbao chini ya gunia za kwanza.

Mambo matatu ya kupeleka kwenye mukutano

Kabla ya mvua za Septemba, tunaomba kila koperative izungumze haya na kuyaandika.

La kwanza: katika mapatano na mwenye gari, muandike kama shofere ndiye anaamua kungojea, na muandike nani analipa usiku ule wa kungojea. Mara nyingi shofere anaingia majini juu anaogopa kulipa chakula na ulinzi mwenyewe. Usiku mmoja ukigawanywa kwa wanamemba wote ni franka kidogo. Moteri ya Fuso, ao mutoto wa mutu, haigawanyike.

La pili: kwenye kila kivuko chenu, musimike muti wenye alama mbili, nyekundu kwa sentimita 30 na nyeusi kwa sentimita 60. Maji yakitembea na nyekundu imefunikwa, gari ndogo na moto zinasimama. Nyeusi ikifunikwa, zote zinasimama.

La tatu: mutafute pale pa kushushia magunia upande huu wa mto, nyumba kavu ya mwanamemba ao ya kanisa, mupatane naye mapema. Shofere anayejua muzigo uko na pa kulala hana haraka ya kuvuka.