Upweke jijini? Tafuta watu wa kupanda nao milima

UNAWEZA kuishi Nairobi mwaka mzima, umezungukwa na watu kila upande, na usiwe na hata mmoja wa kumpigia simu usiku.

Mimi niliyajua haya nilipolazwa na homa siku tatu katika chumba changu cha kupanga. Jirani wa mlango wa pili nilimjua kwa sauti ya redio yake tu. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa mwenye nyumba, naye alitaka kodi.

Nilipopona, mwenzangu kazini aliniingiza katika kundi la WhatsApp la vijana wanaopanda milima kila mwisho wa mwezi. Nilikaa miezi miwili nikisoma jumbe kimya kimya. Mwishowe nikajitosa.

Safari ya kwanza ilikuwa Milima ya Ngong. Tulibanana kwenye matatu namba 111, kila mtu macho kwenye simu yake. Kimya kilivunjikia mlimani. Ngong ina upepo mkali, ndiyo maana kuna mitambo ya KenGen ya kuzalisha umeme. Kofia ya dada mmoja ilipeperushwa, watatu wakaikimbilia, sote tukaangua kicheko.

Kufikia kilele cha tatu nilikuwa nahema vibaya.

“Pole pole bana, hakuna anayetufukuza,” jamaa mmoja aliniambia, akanigawia chungwa. Ni fundi wa friji, anaishi Kayole. Tulipiga gumzo hadi Kona Baridi bila mimi kuhisi miguu.

Nimejifunza kwamba mkiwa na shughuli mnayoipenda nyote, huhitaji maneno matamu ya kuanzia. Huko juu hakuna anayeuliza unalipwa pesa ngapi. Anauliza kama una maji.

Si lazima iwe milima. Katika Msitu wa Karura, ambao marehemu Prof Wangari Maathai aliupigania usinyakuliwe, kuna wanaokimbia na wanaoendesha baiskeli. Wengine hukutana kucheza drafti, kusoma vitabu au kusakata kandanda mtaani. Chagua kitu ambacho ungekifanya hata ukiwa peke yako.

Ila usitarajie urafiki siku ya kwanza. Mimi nilianza kuitwa kwa jina safari ya nne.

Na uwe macho. Kabla ya kutuma pesa, uliza waliowahi kwenda. Mweleze mtu wa nyumbani unakoenda na saa ya kurudi. Mwanachama akianza kukupigia debe la ‘biashara ya faida ya haraka’, kaa mbali. Nanyi mabarobaro, msigeuze kundi kuwa soko la wachumba. Nimeona wasichana wawili wakijitoa kwa sababu ya kusumbuliwa na jumbe usiku wa manane.

Mwezi jana homa ilinirudia. Niliandika kwenye kundi kwamba safari hii sitafika. Jioni hodi ikabishwa. Nilidhani ni mwenye nyumba, kumbe ni yule fundi wa Kayole, thamosi ya uji mkononi.

Wahenga walisema milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Sisi tulikutania mlimani.