Wachawi wa Salem na wafungwa wa Kasaji

Mchezo wa Arthur Miller, The Crucible, ulichezwa mara ya kwanza New York mnamo Januari 1953. Wasomaji wa Kifaransa wanaujua kwa jina la Les Sorcières de Salem. Unasimulia kesi za Salem, Marekani, za mwaka 1692, ambapo watu 19 walinyongwa kwa uchawi na mzee Giles Corey akafa kwa kulundikiwa mawe. Miller aliwalenga Wamarekani wa siku zake, walioitwa mbele ya kamati za bunge kwa tuhuma za ukomunisti na kutakiwa wawataje wenzao. Naye aliitwa mwaka 1956, akakataa kutaja mtu.

La kuchunguza zaidi katika mchezo ni mwenendo wa mahakama. Anayekiri huachiwa, anayekana hunyongwa. Anayekiri anabanwa ataje wengine, basi kila ungamo linazaa washtakiwa wapya, na chuki za zamani zinapata mlango: Thomas Putnam anatolea macho mashamba ya majirani. Mshtakiwa John Proctor anakubali kukiri uongo ili aishi, ila hawataji wenzake, na karatasi aliyotia sahihi anaichana isibandikwe kwenye mlango wa kanisa.

Katanga, nchini Kongo, ina historia yake ya namna hiyo. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda wa Nyasaland, aliyejiita Mwana Lesa, alihubiri Rhodesia ya Kaskazini, kisha akavuka mpaka kuingia Katanga. Alibatiza kwa kuzamisha mtoni. Ambaye maji hayakumfunika barabara alihesabiwa mchawi, akauawa. Kule Rhodesia, Chifu Shaiwila alimtumia kuwaondoa wapinzani wake, tamaa ileile ya Putnam. Nyirenda alinyongwa mwaka 1926.

Serikali ya Kibelgiji iliyotawala Kongo nayo ilikuwa na watu wake wa kuogopwa: wafuasi wa Kitawala, waliohubiri kwamba utawala wa wazungu utakwisha. Dini hiyo ilipigwa marufuku Katanga mwaka 1937. Wengi walihamishwa kwa amri ya utawala tu, bila hukumu ya mahakama; baadhi waliwekwa katika kambi ya Kasaji, kwenye reli ya Kolwezi kwenda Dilolo. Salem walau ilikuwa na baraza la kusikiliza, hata kama lilipotoka.

Jambo moja limegeuka. Kwa Miller, wasichana ndio wanaoshtaki watu wazima. Nchini Kongo leo, mara nyingi watoto ndio wanaoitwa wachawi na kufukuzwa nyumbani, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inamwadhibu anayewashtaki hivyo.