Maji Maji: Historia Moja, Wasimulizi Watatu



Padre Bernard Lonergan, Mjesuiti wa Kanada, aliandika mwaka 1957 katika kitabu chake Insight kwamba upendeleo wa kundi si lazima uwe uongo. Kundi huacha kuuliza maswali ambayo majibu yake yangelitia aibu, tena huyaacha bila kujitambua. Sisi tunaosoma falsafa tulipofika hapo tulikumbuka somo la historia shuleni, hasa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907.

Wajerumani waliviita uasi. Neno hilo tayari ni hukumu, kwa maana anayeasi huasi mamlaka halali. Waliandika sana juu ya dawa ya maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kana kwamba watu walichukua silaha kwa ushirikina tu. Pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko vikabaki pembeni.

Baada ya uhuru tuligeuza simulizi, na ilistahili kugeuzwa. Lakini taifa changa lilitaka umoja, basi tukafundishwa kwamba makabila yaliungana dhidi ya mkoloni. Mengi yaliungana kweli. Ila askari wengi waliowapiga risasi wapiganaji walikuwa Waafrika, na baadhi ya watawala wetu walisimama upande wa Wajerumani. Halafu kuna njaa. Mashamba na maghala yalichomwa makusudi, na njaa iliua wengi kuliko risasi. Wajerumani walikadiria vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tulikariri majina ya mashujaa, lakini mama aliyekufa njaa na wanawe hatukumwona popote.

Na sisi Wakatoliki je? Hapa ndipo panapouma. Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Tumewaenzi kama mashahidi. Swali ambalo hatukuliuliza sana ni kwa nini machoni pa wapiganaji misheni na serikali vilionekana kitu kimoja. Kuliuliza si kuhalalisha damu ya masista wale.

Tarehe 27 Februari 1906, mjini Songea, wazee wa Kingoni kwa makumi walinyongwa. Baadhi yao walibatizwa kabla ya kwenda kitanzini. Mtu yuleyule, basi, ni mwasi kwa serikali ya Kijerumani, shujaa katika makumbusho ya Maji Maji pale Songea, na ndugu yetu kwa ubatizo. Kila msimulizi alichukua kipande chake akakiita historia.

Mwenzetu mmoja aliuliza darasani kama tunaweza kuwataja askofu na wazee hao katika Misa moja ya marehemu. Darasa lilinyamaza kidogo. Kisha mwalimu akasema tumwandikie nia hiyo, ataisoma.