Ini langu, unga wa mpakani na kahawa tunayoivusha

NILIDHANI ni uchovu wa safari. Mfanyabiashara wa mchele anayepita Kobero kila wiki kwenda Ngara na kurudi hakosi kuchoka. Lakini uzito niliousikia chini ya mbavu za kulia haukuondoka hata nilipopumzika, ndipo nikaenda kupigwa picha ya tumbo. Daktari kijana akaniambia, "Mama, ini lako lina mafuta mengi."

Nilibisha. Pombe situmii. Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972, nami nikazaliwa Ulyankulu, Tabora, nikakua kwa ugali na maharage. Tuliporudi nyumbani mwaka 2008 nilikuwa mwembamba. Biashara iliponyooka nikawa mtu wa kushinda nimekaa garini, nakula chipsi na mishikaki, soda mbili tatu kwa siku. Mzani ulionyesha kilo 90.

Daktari alinieleza kwamba sukari inapozidi mwilini, ini huigeuza kuwa mafuta na kuyahifadhi. Mafuta yakizidi asilimia 5 ya ini, huo ni ugonjwa. Wengi hawaoni dalili yoyote. Kwa baadhi yao, miaka ikipita, ini huvimba, hupata makovu na mwishowe huwa gumu.

Unga wa siku 21

Wiki iliyofuata, pale mpakani, muuza dawa za miti shamba alinishika mkono. "Dada yangu, huu unasafisha ini kwa siku 21." Ulikuwa unga wa manjano uliochanganywa na pilipili manga, pamoja na vidonge vya chai ya kijani. Nikalipa bila kuuliza. Siku 21 zikawa miezi miwili.

Niliporudi kupima damu, vipimo vya ini vilikuwa vimepanda kuliko mwanzo. Daktari akaniuliza natumia nini, nikatoa pakiti kwenye mkoba. Hakuapa kwamba unga ndio chanzo, ila alinitaka niuache. Baada ya wiki chache vipimo vilishuka.

Ndugu msomaji, muuzaji yule hakunidanganya yote. Ndani ya manjano kuna kemikali iitwayo kurkumini, na majaribio kadhaa madogo yameonyesha kwamba vipimo vya ini vya baadhi ya wagonjwa hupata nafuu wakiitumia. Shida ni kwamba tumbo huipokea kidogo sana. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kwamba piperini, ile kemikali ya pilipili manga, huongeza kiasi kinachofika kwenye damu mara 20. Ndiyo maana wauzaji huchanganya.

Lakini kinachoongeza nguvu huongeza na hatari. Mwaka 2019 Italia iliripoti watu walioumwa ini baada ya kutumia vidonge vya manjano. Chai ya kijani nayo, mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba vidonge vyenye miligramu 800 au zaidi kwa siku za kemikali yake kuu vinaweza kuleta dalili za kuumia kwa ini. Kijiko cha manjano kwenye mchuzi na kikombe cha chai si sawa na vidonge vilivyokamuliwa nguvu yote.

Kilichonisaidia

Cha kushangaza, mmea wenye sifa nzuri kwa ini tunaupakia sisi wenyewe kwenye malori. Kahawa ya Burundi hupita Kobero kwenda bandari ya Dar es Salaam, nasi tunabaki na soda. Tafiti nyingi zimeona kwamba wanywaji wa kahawa hupata makovu ya ini kwa uchache kuliko wasiokunywa. Hilo halithibitishi kwamba kahawa ni dawa, na ukiijaza sukari umeharibu. Mimi sasa nakunywa vikombe viwili, bila sukari.

Dawa yangu kubwa ilikuwa miguu na sahani. Kupunguza asilimia 5 ya uzito hupunguza mafuta ya ini. Asilimia 7 hadi 10 hutuliza hata uvimbe. Kwangu hiyo ilikuwa kilo 4.5, kisha 6.3 hadi 9. Niliacha soda, nikaanza kutembea kila asubuhi. Mwaka mmoja nilitua kilo 8. Hata dawa ya kwanza ya hospitali kwa ugonjwa huu, iliyoidhinishwa Marekani Machi 2024, hutolewa pamoja na lishe na mazoezi.

Jambo moja zaidi: pimeni homa ya ini aina ya B. Ipo sana katika nchi zetu, na anayeificha chini ya unga wa miti shamba hupoteza muda wa tiba.

Muuzaji yule bado ananiita nikipita. Namsalimia, kisha namuuliza: ndani mna nini, na kiasi gani? Hajanijibu bado. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.